Ndoto ya mtoto, akiba ya mzazi

*India ni nchi ya waimbaji, wacheza dansi na sinema zisizo na idadi. Mbona basi kijana akitamka kwamba anataka sanaa iwe kazi yake, nyumba nzima hukosa usingizi?*

KOTA, Rajasthan. Katika mtaa wa Talwandi kuna hekalu la Radha na Krishna lenye ukuta usiokaa mweupe. Hupakwa rangi, na haupiti muda umejaa tena maandishi. Wanaoandika ni vijana wa sekondari. Mmoja anaomba chuo cha uhandisi cha Delhi, mwingine anaomba udaktari, mwingine anaandika namba tu: nafasi anayotaka kushika kati ya watahiniwa wa nchi nzima. Wapo pia wanaoomba wazazi wao wafurahi.

Kota ni mji wa twisheni. Miaka ya 1980, mhandisi mmoja wa kiwanda cha J.K. Synthetics, V.K. Bansal, aliyekuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa misuli, alianza kufundisha wanafunzi nyumbani kwake. Wakafaulu, sifa zikaenea. Kiwanda kikaja kufungwa, na mji ukabaki na biashara ya kuwaandaa watoto kwa mitihani miwili: JEE kwa wanaotaka vyuo vya uhandisi vya IIT, na NEET kwa wanaotaka udaktari.

Mitihani hiyo haina huruma. Mwaka 2024 waliofanya NEET walizidi laki 23, wakigombea nafasi za udaktari laki moja na ushee. IIT zote 23 kwa pamoja zilikuwa na nafasi 17,740, ilhali waliofanya mtihani wa awali walizidi milioni moja. Ada ya mwaka mmoja wa twisheni inaweza kupita rupia laki moja, kabla hujalipia chumba na chakula. Yupo baba anayeuza shamba. Yupo mama anayehamia Kota na mwanawe, akapanga chumba, akampikia, akawaacha mume na watoto wengine nyumbani.

Agosti 2023, idadi ya wanafunzi waliojiua mjini humo ikiwa imezidi ishirini tangu Januari, uongozi wa wilaya ulisimamisha kwa miezi miwili majaribio ya mara kwa mara yanayotolewa na vituo vya twisheni.

Hakuna anayempeleka mwanawe Kota akawe mchoraji. Hata hivyo katika kundi kubwa namna hiyo wachoraji hawakosekani, wala waimbaji, wala yule anayewachekesha wenzake usiku hosteli nzima ikaamka. Mwaka 2017 mchekeshaji Biswa Kalyan Rath, ambaye mwenyewe alisomea IIT Kharagpur, alitunga tamthilia iitwayo Laakhon Mein Ek kuhusu kijana wa aina hiyo hiyo: hodari wa kuiga sauti za watu, aliyepelekwa kwa nguvu kwenye kituo cha twisheni kusomea asichokiweza. Walioitazama India hawakuhitaji kuelezwa kwamba ni hadithi ya kweli kwa maelfu.

Rupia 200 za Belwa

Manoj Bajpayee alizaliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Belwa, jimbo la Bihar, mtoto wa mkulima. Baba alitaka daktari. Kijana alitaka jukwaa. Akaenda Delhi, akaomba kuingia Shule ya Taifa ya Maigizo, ambayo kwa mwaka huchukua wanafunzi wachache tu kutoka nchi nzima. Akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena.

Amesimulia hadharani kwamba kukataliwa huko kulimfikisha mahali pa kutaka kujiua, hata marafiki zake wakawa wanalala naye chumbani wasimwache peke yake. Amesimulia pia kwamba alipomwandikia baba yake barua ya kumweleza anachokitafuta hasa mjini, baba hakumfokea. Alimtumia rupia 200 za ada. Filamu ya Satya, iliyomfanya ajulikane India nzima, ilitoka mwaka 1998.

Bihar hiyo hiyo ilimtoa Pankaj Tripathi. Huyu alikuwa akiigiza nafasi za wanawake katika michezo ya sikukuu kijijini kwao. Baba yake naye alitaka daktari. Kijana akaishia jikoni, katika hoteli moja ya Patna, kabla ya kuingia ile shule ya maigizo ya Delhi na kuhitimu mwaka 2004. Gangs of Wasseypur, filamu iliyomfungulia mlango, ilikuja mwaka 2012. Katika miaka minane iliyo katikati, aliyebeba gharama za nyumba Mumbai ni mkewe, Mridula, kwa mshahara wa ualimu wa shule.

Magazeti ya India hupenda kusimulia maisha ya watu hawa kama habari za ushupavu: kijana mmoja dhidi ya ukoo mzima. Ukizisoma kwa makini, karibu kila mara utamkuta mtu wa pembeni aliyetoa fedha. Baba. Mke. Dada. Ushupavu bila mtu huyo haufiki hata kituo cha treni.

> Mzazi hamzuii mtoto kuimba. Anachokataa ni kuwa bima ya wimbo.

Hesabu ya sebuleni

Ni rahisi kumchora mzazi wa Kihindi kama dikteta wa sebuleni. Sinema zimefanya hivyo mpaka imekuwa kichekesho. Lakini hesabu anayoipiga ina mantiki yake, na wanaomcheka ni vizuri waione kwanza.

Wafanyakazi walio wengi nchini India wako nje ya ajira rasmi. Hawana kiinua mgongo, hawana pensheni ya kutosha kununulia dawa za uzeeni. Pensheni yao ni mtoto, na kwa desturi za familia nyingi, mtoto wa kiume hasa. Serikali yenyewe iliiweka desturi hiyo kwenye sheria: tangu mwaka 2007 mzazi aliyetelekezwa anaweza kumpeleka mwanawe mbele ya baraza maalumu akadai matunzo. Kwa hiyo kijana anaposema atakwenda Mumbai kutafuta bahati kwenye filamu, baba anasikia jambo jingine kabisa. Anasikia mfuko wake wa pensheni ukihamia Mumbai kutafuta bahati.

Kisha kuna ndoa. Mahari ambayo kwa familia nyingi za India hutoka upande wa bibi harusi ilipigwa marufuku mwaka 1961, na bado inalipwa. Kila mtu anajua kwamba injinia, daktari na mtumishi mwandamizi wa serikali wana bei yao, na mpiga gitaa ana yake. Mwenye binti naye anaogopa upande wa pili: binti anayeigiza majukwaani usiku atapata posa ya nani? Watu watasemaje? Swali hilo limezima vipaji vingi kuliko umaskini, ingawa mara nyingi vyote viwili hukaa nyumba moja.

Na kuna historia. IIT ya kwanza ilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, kwenye majengo yaliyokuwa kambi ya kuwazuilia wapigania uhuru. Ishara ilikuwa wazi: taifa jipya linajengwa na wahandisi. Mwaka 1965 Marekani ikabadili sheria zake za uhamiaji, na madaktari na wahandisi wa India wakaanza kupata mlango. Miaka ya 1990 ikaja neema ya kompyuta. Katika vizazi vitatu, familia nyingi za tabaka la kati zilishuhudia kwa macho yao ngazi moja tu ikiwapandisha watu kutoka chumba cha kupanga hadi nyumba yao wenyewe, na ngazi hiyo ilijengwa kwa fizikia na hesabu. Nani atamshauri mtoto aiache ngazi iliyojaribiwa?

Filamu ya 3 Idiots ya mwaka 2009, ambayo hata katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki imewaliza watu, inalielewa jambo hili vizuri kuliko inavyosifiwa. Farhan anataka kupiga picha za wanyamapori; baba yake anataka injinia. Familia ilikuwa na uwezo wa kufunga kiyoyozi kimoja tu, na kilifungwa chumba cha Farhan ili asome. Wengine wakalala na joto. Hilo ndilo deni lililomo ndani ya nyumba. Baba anapolainika mwishoni, hatoi hotuba juu ya uhuru wa msanii. Anataka kujua kama kompyuta mpya aliyomnunulia inaweza kurudishwa dukani, na kamera ya kitaalamu ni bei gani.

Mwandishi wa filamu angeweza kuishia kwenye kukumbatiana. Aliingiza bei, na ndiyo maana onyesho lile linaaminika.

Bangili na bima

Sinema ya India yenyewe ilianza hivyo hivyo, kwa akiba ya nyumbani. Dadasaheb Phalke, mtoto wa msomi wa Kisanskriti aliyesomea sanaa Bombay, alipotaka kutengeneza filamu ndefu ya kwanza ya nchi yake, hakukuwa na benki iliyojua filamu ni kitu gani. Alikopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Mkewe, Saraswatibai, akauza vito vyake. Raja Harishchandra ikaonyeshwa Bombay tarehe 3 Mei 1913.

Fedha hazikuwa kikwazo pekee. Phalke alimtafuta mwanamke wa kuigiza malkia Taramati, akamkosa. Kuonekana kwenye filamu ilikuwa aibu ambayo hata wanawake waliokuwa wakidharauliwa na jamii hawakuitaka. Mwishowe malkia akaigizwa na mwanamume, Anna Salunke, aliyekuwa akifanya kazi mgahawani. Mwaka huo huo, katika filamu iliyofuata, Durgabai Kamat na binti yake Kamlabai walikubali kuigiza. Durgabai alilipia uamuzi huo kwa kutengwa na watu wa jamii yake.

Miaka arobaini baadaye, Calcutta, hadithi ikajirudia karibu neno kwa neno. Satyajit Ray alikuwa na digrii ya uchumi na kazi nzuri ya kuchora matangazo katika kampuni ya Waingereza. Akataka kutengeneza Pather Panchali. Watayarishaji wakamkatalia. Ray akatoa bima yake ya maisha, akauza vitabu na sahani zake za muziki, na vito vya mkewe Bijoya vikawekwa rehani. Fedha zilipokatika, upigaji picha ukasimama kwa miezi. Serikali ya West Bengal ndiyo iliyomalizia gharama, na husimuliwa kwamba fedha hizo ziliandikwa kwenye fungu la kuboresha barabara, kwa kuwa jina la filamu linataja njia.

Wakati wote huo Ray hakuacha kazi yake ya matangazo. Alikuwa akipiga picha siku za mapumziko. Filamu ilionyeshwa mwaka 1955, na leo haikosekani kwenye orodha za filamu bora za dunia.

Dhahabu ya mke na bima ya maisha: hivyo ni vitu viwili ambavyo familia ya Kihindi huviweka kando kwa ajili ya msiba, ugonjwa na harusi ya binti. Phalke na Ray walifanikiwa, kwa hiyo tunawasifu wake zao. Walioweka rehani wakapoteza hawana sanamu. Baba anayekataa leo huwa anawafikiria hao, na pengine mmoja wao alikuwa mjomba wake.

Dansi inayoishia harusini

Kusema familia za India zinachukia sanaa ni kosa. Nenda Chennai mwezi Desemba, msimu wa muziki na dansi, ukaone kumbi zinavyojaa. Mabinti wa madaktari na wanasheria huanza dansi ya Bharatanatyam wakiwa na miaka sita au saba. Wakifika utineja hufanyiwa arangetram, onyesho la kwanza la mchezaji peke yake: ukumbi, wapigaji muziki wa moja kwa moja, sari za hariri, wageni, karamu. Kwa Wahindi wa Marekani na Uingereza gharama yake inaweza kulingana na harusi ndogo. Mzazi hulipa bila kunung'unika.

Kisha, kwa wengi wao, basi. Binti anaingia chuo kikuu, njuga za miguuni zinafungiwa kabatini, na dansi inabaki kuwa sentensi moja nzuri kwenye wasifu unaopelekwa kwa familia ya mchumba.

> Sanaa inakaribishwa nyumbani mpaka siku inapoomba kuwa kazi.

Heshima hiyo ya Bharatanatyam ni mpya kuliko watu wanavyodhani. Karne moja iliyopita dansi hii, iliyoitwa sadir wakati huo, ilikuwa mikononi mwa wanawake wa mahekalu, devadasi, na koo za walimu wao. Wanamageuzi waliwaona kama watumwa wa tamaa za matajiri. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wakfu wasichana. Kabla ya sheria hiyo, Rukmini Devi, binti wa Kibrahmani ambaye tayari alikuwa amewatibua watu kwa kuolewa na Mwingereza George Arundale akiwa na miaka 16, alijifunza dansi ile kutoka kwa mwalimu wa ukoo wa jadi na kuicheza hadharani mwaka 1935, huko Adyar. Kwa binti wa tabaka lake ilikuwa kashfa. Mwaka uliofuata alianzisha chuo cha Kalakshetra, na kizazi kimoja baadaye akina mama waliokuwa wakikunja nyuso walikuwa wakipanga foleni kuwaandikisha mabinti zao.

Upande wa pili wa hadithi hiyo husemwa kwa sauti ndogo. Katika koo za jadi za sanaa hiyo, wasichana wengi waliambiwa waache. Kilichokuwa kikimpa heshima binti wa Kibrahmani kilikuwa kikimvunjia heshima binti wa devadasi. Balasaraswati, aliyezaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wanamuziki wa aina hiyo, alikataa kuacha. Alicheza mpaka akafundisha katika vyuo vya Marekani, na mwaka 1977 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Vibhushan. Kwa hiyo ukisikia kwamba familia haimruhusu binti kucheza, swali la kuuliza mara moja ni hili: familia ya tabaka gani, na mwaka gani?

Digrii kwanza

Vijana wengi wa leo wameona kwamba kugombana hakulipi. Wanafanya mapatano: nitakuletea digrii, kisha uniachie miaka miwili mitatu nijaribu.

Matokeo yake ni jambo la kushangaza kidogo. Vyuo vya uhandisi vya India vimekuwa, bila kukusudia, shule za sanaa. Jitendra Kumar alisomea uhandisi wa ujenzi IIT Kharagpur, akakutana huko na wenzake wa kikundi cha maigizo cha wanafunzi. Baadaye wahitimu wa chuo hicho hicho walianzisha The Viral Fever, kampuni ya video za mtandaoni, na Kumar akawa uso wake. Nafasi iliyompa jina kubwa ni ya mwalimu mpole wa twisheni katika Kota Factory, tamthilia ya mwaka 2019 iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Injinia aliyeukimbia uhandisi amekuwa maarufu kwa kuwafariji, kwenye skrini, vijana wanaoukimbilia.

Taapsee Pannu alikuwa mhitimu wa sayansi ya kompyuta kabla ya kamera. Chetan Bhagat alipitia IIT Delhi na chuo cha biashara cha Ahmedabad, akafanya kazi benki, na riwaya yake ya kwanza ya mwaka 2004 ndiyo iliyozaa 3 Idiots.

Mapatano haya yana gharama ambayo hakuna anayeiandika. Nafasi ya IIT iliyochukuliwa na mtu asiyeitaka ni nafasi iliyomkosa aliyeitaka. Na miaka minne ya ujana katika muziki au dansi hairudishiki: vidole na magoti havisubiri mahafali. Mwanamuziki Bhimsen Joshi alitoroka nyumbani kwao Karnataka mwaka 1933 akiwa na miaka 11, akizunguka kwa treni hadi kaskazini kutafuta mwalimu, mpaka baba yake, mwalimu wa shule, alipompata Jalandhar na kumrudisha. Aliporudi familia haikupigana naye tena; alipata mwalimu karibu na kwao, Sawai Gandharva, akasomea sauti kwa miaka. Angeambiwa asubiri digrii, India isingemsikia kama ilivyomsikia.

Kutoka Unguja hadi Kanada

Desturi hii ilisafiri na Wahindi kuvuka bahari. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Waparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa bweni Panchgani, India, akajifunza piano na kuanzisha bendi na wenzake. Mapinduzi ya mwaka 1964 yaliifanya familia ihamie Uingereza. Mama yake, Jer, alikumbuka miaka ya baadaye kwamba ukoo wao ulikuwa wa wanasheria na wahasibu, na kijana akashikilia kwamba yeye hana akili za huko. Akasomea uchoraji wa matangazo katika chuo cha sanaa cha Ealing. Dunia ilimjua kama Freddie Mercury, na tangu mwaka 2019 Mji Mkongwe una makumbusho yake.

M.G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, ambako mama yake mjane aliwalea watoto kwa duka la nguo. Alifanya kila ambacho jamii yake ilikitaka. Alipata nafasi MIT, akachukua udaktari wa fizikia ya nyuklia Pennsylvania, akafanya kazi katika kituo cha nyuklia cha Chalk River nchini Kanada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, ilitoka mwaka 1989, akiwa karibu na miaka arobaini, na mwaka 1994 akawa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya Giller. Dar es Salaam ile ya maduka na msikiti wa jumuiya ndiyo iliyojaa kurasa zake. Hakuna mlingano wa fizikia unaoonekana humo.

Kisa cha Shailja Patel, mshairi wa Nairobi wa kizazi cha tatu cha Wagujarati, ndicho kinachogusa mshipa. Mama yake alikuwa amemkusanyia sari na vito kwa miaka, kama mama yeyote wa Kigujarati, kwa ajili ya siku ya harusi. Harusi haikuja. Mama akampa sanduku hata hivyo. Patel aliziingiza sari zile jukwaani, akazifanya kiini cha onyesho lake la Migritude, lililochapishwa kama kitabu mwaka 2010, linalosimulia safari za Wahindi wa Afrika Mashariki na mabavu ya himaya. Akiba iliyokusudiwa ndoa ikawa mtaji wa sanaa, safari hii kwa mkono wa mama mwenyewe.

Wanaosema familia si mshitakiwa

Wapo wanaoona mjadala wote huu umepotoka. Kwao, kuwalaumu wazazi ni kukwepa kuuliza nani anamiliki milango. Mwaka 2017, mwigizaji Kangana Ranaut alimkabili mtayarishaji Karan Johar kwenye kipindi chake mwenyewe cha televisheni na kumwita mshika bendera wa upendeleo wa kifamilia. Nchi nzima ilibishana kwa miezi. Watoto wa Kapoor au Khan hawaambiwi wasome uhandisi kwanza. Kwao sanaa ndiyo kazi ya ukoo, na pengine aliyetaka uhandisi ndiye angepata shida.

Mwimbaji T.M. Krishna wa Chennai anaupeleka ubishi mbali zaidi. Yeye ni Mbrahmani aliyekulia ndani ya muziki wa Karnatiki, na kwa miaka amekuwa akisema kwamba kumbi za muziki huo zimefungwa kwa tabaka moja, jukwaani na kwenye viti. Alisaidia kuanzisha tamasha katika kijiji cha wavuvi cha Urur-Olcott Kuppam, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya Magsaysay. Wenzake wengi hawakupendezwa. Hoja yake inauma kwa sababu ni rahisi: kijana wa kule kijijini hata akiruhusiwa na baba yake, ataimbia wapi?

Krishna ana haki. Lakini kijana wa Belwa alipohitaji ada, hakuna ukumbi wala mtayarishaji aliyemtumia rupia 200.

Malipo yanayofika nyumbani

Kinachobadili mawazo ya wazazi polepole ni fedha zinazoonekana. Taasisi ya Taifa ya Usanifu ya Ahmedabad, iliyofunguliwa mwaka 1961, imewapa wachoraji wengi cheti ambacho baba anaweza kukieleza kwa majirani, na mshahara nyuma yake. Tamthilia za mtandaoni zimefungua kazi za uandishi zinazolipwa kwa mkataba. Sera ya elimu ya mwaka 2020 inataka ukuta kati ya sayansi na sanaa shuleni ubomolewe, ingawa JEE na NEET hazijabadilika kwa ajili yake.

Hatua yenye meno zaidi ni sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2012. Kabla yake, mtunzi wa muziki na mwandishi wa mashairi ya nyimbo za filamu aliuza kazi kwa mtayarishaji mara moja, basi. Wimbo ukipigwa redioni kwa miaka hamsini, yeye hapati kitu. Javed Akhtar, mshairi wa filamu aliyekuwa mbunge wa baraza la juu, aliipigania mbele ya watayarishaji waliokuwa wakimtishia kumnyima kazi. Sasa haki ya mrabaha haiwezi kuuzwa, hata kwa hiari ya mtunzi mwenyewe, na chama cha kukusanya mirabaha hiyo, IPRS, ambacho Akhtar alikuja kukiongoza, huwagawia wanachama wake fedha hizo.

Sheria hiyo inamgusa anayetunga na anayeandika, na kwa kiasi anayeimba. Mcheza Bharatanatyam hamo. Yeye hulipwa kwa onyesho, na katika msimu wa Desemba huko Chennai lalamiko la wachezaji chipukizi ni la miaka mingi: baadhi ya kumbi huwatoza wao fedha ili wapande jukwaani. Anayelipa, kama kawaida, ni baba.